Niliponenepa Mkasema Nimeomoka



Wiki jana msichana mmoja aliniandikia meseji. Ana miaka 17, yuko kidato cha nne, na ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Alikuwa amerudi nyuma akatazama video zangu za 2023, zile nimekonda kama fito, halafu akatazama za sasa. Akaandika hivi: "Aki dadangu, hiyo kitu yako ya shingo mtu huipata aje? Mimi nimejaribu kukonda tangu Januari na wapi."

Kwanza nilicheka. Alikuwa ameweka vikatuni vitatu vya kucheka mwishoni, kwa hivyo nikaona ni mzaha. Nikasoma tena nikaona hakuwa anacheka sana. Nilikaa na hiyo meseji siku mbili bila kujibu, kwa sababu mwaka jana mimi mwenyewe niliacha kumeza dawa zangu kwa sababu hiyo hiyo. Nilitaka ugonjwa urudi ili nikonde. Sijawahi kuwaambia. Niliwaambia niko likizo ya mtandao, mkanitumia mioyo, nikanyamaza.

Sasa leo nasema. Hii ni ndefu, chukua chai.

Ugonjwa wangu unaitwa Graves. Mamangu alipolisikia hilo jina mara ya kwanza alishika kiti, kwa sababu kwa Kiingereza ni kama umeambiwa makaburi. Kumbe ni jina la daktari tu, Robert Graves wa Ireland, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka wa 1835. Mathe bado hulitaja kwa sauti ya chini, kama jina la mtu anayedaiwa.

Mbele ya shingo, pale chini ya koo, kila mtu ana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Inaitwa thairoidi. Inatoa homoni zinazoamua mwili uende kwa mwendo gani: moyo upige aje, chakula kiungue haraka au polepole, usikie joto au baridi. Fikiria matatu. Thairoidi ndiyo dereva. Konda ni homoni nyingine inayoitwa TSH, ambayo hutoka kwa tezi ndogo chini ya ubongo. Konda akigonga bodi, dereva anaongeza mafuta. Konda akinyamaza, dereva anapunguza. Mwili wa mtu mzima unaenda hivyo, hao wawili wanasikizana.

Ukiwa na Graves, kinga yako ya mwili, ile inafaa kupigana na viini, inakosea. Inatengeneza kitu kinachogonga bodi kama konda. Gonga gonga gonga, usiku na mchana. Konda mwenyewe ashanyamaza kitambo, amekaa kwa kiti amekunja mikono, lakini dereva anasikia tu kelele na anakanyaga mafuta. Ndiyo maana vipimo vyangu vya kwanza vilionyesha TSH iko karibu sufuri, na homoni za thairoidi zimepaa. Konda kimya, gari mbio.

Lakini mimi sikujua niko kwa gari linaloenda mbio. Nilidhani mimi ndio niko moto.

Mwaka wa 2023 nilikuwa mwaka wa pili kwa chuo. Nililala saa tatu kwa usiku mmoja na sikuhisi nimechoka. Nilikula chapo nne na madondo saa nne asubuhi, ikifika saa sita njaa imerudi kama sijaguswa na chakula. Julai, Nairobi ikiwa na ile baridi ya kuvaa koti mbili, mimi nilikuwa na fulana na jasho. Mikono ilitetemeka nikishika kalamu. Na uzito ukashuka kutoka kilo 58 hadi 46.

Mnajua watu walisema nini? Walisema napendeza. Wasichana wa hosteli waliniuliza siri. Mmoja aliniomba nimwandikie ratiba ya chakula. Nikamwandikia! Ratiba ya uongo kabisa, maji ya ndimu na nini, na mimi nilikuwa nakula kama mtu wa mjengo.

Na wakati huo ndio nilianza video. Saa kumi usiku, wenzangu wamelala, mimi niko kwa ngazi za hosteli na simu. Nilikuwa naongea haraka mpaka maneno yanakanyagana. Nilikuwa na hasira, nilikuwa mcheshi, nilikuwa sichoki. Mkanipenda. Ile video ya kwa nini naacha chuo, ile ya "sitangoja ruhusa ya mtu", ilitazamwa zaidi ya mara laki nne. Septemba hiyo nikaacha masomo kweli. Nitarudi hapo, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo bado linanikosesha usingizi, na sahii usingizi ninao.

Aliyenishtua si daktari. Ni jamaa wa kemisti hapa mtaani. Januari 2024 nilienda kununua dawa ya kulala. Akaniangalia macho, akaniuliza kama kawaida huwa yamefunguka hivyo. Akanifunga mashine ya presha nikiwa nimekaa kwa stuli, sijakimbia popote. Moyo ulikuwa unapiga mara 128 kwa dakika. Mtu akiwa amekaa tu, kawaida ni kati ya 60 na 100. Akasema, "Siste, mimi siwezi kukuuzia hii dawa. Enda hospitali leo. Si kesho." Angeweza kuchukua mia mbili yangu akanyamaza. Hakuchukua.

Hospitali wakatoa damu, wakapima TSH na homoni zenyewe, wakaniangalia shingo. Shosh wangu wa Murang'a aliposikia ni mambo ya shingo akasema ni rovu, nile chumvi zaidi, kwa sababu zamani huko kwao watu wengi walivimba shingo kwa kukosa madini ya joto. Shosh hakukosea kuhusu zamani. Ndiyo maana chumvi ya Kenya ilianza kutiwa ayodini kwa sheria miaka ya 1970. Lakini rovu la kukosa ayodini na Graves ni vitu viwili. Kwangu mimi ayodini ya ziada ingeweza kuongezea moto kuni. Nilimweleza shosh kwa simu dakika ishirini. Akasema sawa, halafu akanitumia chumvi na gari la kuja mjini.

Nikapewa dawa mbili. Ya kwanza ni kabimazoli, inayozuia thairoidi kutengeneza homoni mpya. Nilianza na miligramu 30 kwa siku, yaani tembe sita ndogo. Ya pili ni propranololi, ya kutuliza moyo na mtetemeko wakati unangoja ile ya kwanza ishike. Kwa sababu kabimazoli haifanyi kazi leo na kesho. Homoni zilizokwisha tengenezwa ziko stoo, na lazima ziishe. Inachukua wiki kadhaa. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hivyo vizuri, kwa hivyo wiki ya kwanza nilidhani nimeuziwa chaki.

Sasa madhara.

Wiki ya pili nilianza kuwashwa. Mikono, mgongo, nyayo. Nilijikuna na chanuo. Nilidhani ni kunguni, tukatoa godoro nje mimi na mathe, tukamwaga maji moto, tukapiga dawa. Hakukuwa na kunguni hata mmoja. Ni dawa. Niliporudi kliniki nikapewa tembe za mzio na baada ya wiki chache mwasho ukaisha. Godoro ndilo halijawahi kupona.

Halafu ladha ikapotea. Chai ilikuwa maji moto yenye rangi. Kwa mtu anayerekodi video za kuonja vibanda vya chakula, hiyo ni kufutwa kazi. Kuna video moja ya mutura ya Machi 2024 ambapo nasema "manze hii ni tamu" na nawaapia sikusikia chochote. Nisameheni. Na mwenye mutura pia anisamehe, labda ilikuwa tamu kweli.

Propranololi nayo ilinipa vidole baridi kama nimetoa maji kwa friji, na ndoto. Si ndoto za kawaida. Ndoto zenye rangi, zenye mpangilio, zenye watu niliosoma nao darasa la tatu. Niliamka nimechoka kama nimetoka sinema ya usiku kucha. (Kama una pumu, hii dawa inaweza kukufungia kifua. Usiwahi kupewa na rafiki ati inatuliza woga kabla ya mahojiano. Nimeona watu wakigawana kama peremende.)

Nywele zikaanza kutoka. Hapa naomba tuelewane: nywele hutoka kwa sababu ya thairoidi yenyewe kupanda na kushuka, na wakati mwingine dawa inachangia. Sikujua ni nani wa kulaumu, na wakati umeshika fundo la nywele bafuni hutaki mhadhara. Nilikata zikawa fupi. Mkasema ni mtindo mpya. Nikakubali ni mtindo mpya.

Lakini yote hayo ningevumilia. Kilichonishinda ni uzito.

Kumbuka nilikuwa nimezoea kula kwa watu watatu. Dawa iliposhika, mwili ukapunguza mwendo, lakini tumbo halikuambiwa. Njaa ilibaki ya 2023 na mwendo ukawa wa 2024. Kilo 46 ikawa 55, ikawa 60, ikapita pale nilipoanzia, ikafika 69. Ndani ya miezi sita. Suruali zote zilikataa. Uso ukawa duara. Na mkaanza kuandika chini ya video: "Umeomoka." "Pesa za mtandao zimeingia." "Nani anakulisha?" Wengi wenu mlikuwa mnanisifu, najua. Kwetu mtu akinona tunasema maisha yamemkubali. Lakini kuna wale waliandika "ulikuwa mrembo" kwa wakati uliopita, kama wanaandika tangazo la kifo.

Na si mwili tu. Nilikuwa mzito wa kila kitu. Nililala saa kumi na bado nikasinzia kwa matatu. Nilisikia baridi. Choo kilikuwa kigumu, samahani lakini hii ndiyo kazi yetu leo. Nikiwasha kamera, maneno yanakuja moja moja kama maji ya mfereji wa mtaani. Ile hasira ilikuwa imeenda. Ule utani wa haraka ulikuwa umeenda. Watazamaji wakaanza kupungua, na mmoja akaandika, "Siku hizi umepoa, tulikupenda ukiwa moto."

Nikakaa na hiyo sentensi. Nikarudi nikatazama video zangu zote za zamani kwa usiku mmoja. Na safari hii niliona. Simu ilikuwa inatetemeka, si mtindo wa kamera, ni mkono wangu. Macho yalikuwa yamefunguka mpaka weupe unaonekana juu. Nilikuwa nameza hewa katikati ya sentensi. Yule msichana mliyempenda alikuwa mgonjwa. Kila utani mliocheka ulikuwa na moyo wa 128 nyuma yake.

Na mimi, badala ya kumwonea huruma, nilimtaka arudi.

Agosti 2024 nikaacha dawa. Zote mbili, siku moja. Sikumwambia mtu. Mathe alikuwa akiniuliza asubuhi, "Mami, umemeza?" Nami nikajibu, "Nimemeza." Tembe nilikuwa naziweka kwa soksi. Na sikuwa nimerudi kliniki tangu Machi. Kipimo cha damu kilikuwa elfu tatu na mia tano kwenye maabara, na mwezi huo nilikuwa nachagua kati ya kipimo na kodi. Nilichagua kodi. Sijui kama nilikosea, lakini matokeo niliyaona.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu, siwafichi. Ilipofika Septemba mwili ulikuwa unaamka. Uzito ukaanza kushuka. Maneno yakarudi. Nilirekodi video tatu kwa usiku mmoja na mkasema "amerudi!" Nikasoma hiyo komenti nikalia kwa furaha. Fikiria. Mtu anafurahia kwa sababu watu wameona dalili za ugonjwa wake.

Oktoba nilikuwa kwa matatu Jogoo Road, jioni, foleni haisongi. Moyo ukaanza kuruka. Si kwenda haraka tu, kuruka, kama samaki ndani ya karatasi. Nikasikia joto, nikafungua dirisha, mama aliyekaa kando akasema, "Mschana, uko sawa?" Nikataka kusema ndiyo na mdomo ukakataa. Huyo mama alipiga bodi mwenyewe. Konda akashangaa nani anamfanyia kazi. Akanishusha, akaita boda, akapanda nyuma yangu kunishikilia mpaka kasualti. Hakuniambia jina. Aliacha namba yake kwa mlinzi ili ajue kama nimefika salama, na mpaka leo hunitumia "habari za moyo" kila Jumapili.

Moyo ulikuwa 146. Waliniwekea waya kifuani, wakanipa dawa, wakanilaza usiku huo na uliofuata. Kuna hali ambayo homoni zikipanda sana mwili wote unashika moto, joto kali, kuchanganyikiwa, na watu hufa. Sikuwa nimefika hapo. Daktari alisema nilikuwa naelekea.

Nilimngoja anigombeze. Alikuwa mama wa makamo, miwani imeshikwa na uzi. Alivuta kiti.

"Dawa uliacha lini?"

"Agosti, daktari."

"Kwa nini?"

Nikafikiria kudanganya. Nikasema, "Nilinenepa."

Akaandika. Halafu akauliza, kabla ya kuacha, nilikuwa nasikia baridi? Ndiyo. Usingizi? Sana. Choo kigumu? Ndiyo. Nikauliza amejuaje. Akaweka kalamu chini.

"Sina kipimo cha wakati huo, kwa hivyo siwezi kuapa. Lakini hizo ni dalili za thairoidi iliyoshuka kupita kiasi. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake na bado unameza kiasi cha kuanzia. Ungekuja Mei au Juni tupime, pengine ningepunguza. Dawa haikuwa adui yako. Ilikuwa nyingi."

Nilihisi mjinga, halafu nikahisi hasira, halafu nikahisi tena mjinga. Miezi yote hiyo nilikuwa nadhani kuna chaguo mbili tu: kuwa mgonjwa mwembamba au kuwa mzima mzito. Kumbe kulikuwa na ya tatu, na ilikuwa inaitwa kurudi kliniki na kusema ukweli. Nilikuwa nimechukua madhara kama hukumu, na yalikuwa taarifa. Mwili ulikuwa unaandika barua kila siku na mimi sikuwa naipeleka posta.

Nikaanza upya. Tukapima kila wiki sita mwanzoni, tukapunguza polepole, na sahii niko kwa miligramu 5 kwa siku. Elfu tatu na mia tano sasa naipanga kama kodi. Mathe na mimi tuna kibati cha kipimo, kila siku tunaweka chochote, hata kumi.

Februari mwaka huu nilipata koo. Usiku joto likapanda. Mathe tayari alikuwa anaponda tangawizi. Lakini siku natoka wodini daktari alinifanya nirudie kitu kimoja kama mtoto wa nasari, na nawaomba yeyote anayemeza kabimazoli akirudie na mimi: koo likiuma na homa, au vidonda vya mdomo, acha dawa na uende upimwe damu siku hiyo hiyo. Kwa watu wachache sana, chini ya mmoja kwa mia, hii dawa huangusha zile seli nyeupe zinazopigana na maambukizi, mara nyingi miezi ya kwanza. Ni nadra, lakini haingoji Jumatatu. Nilienda saa tano usiku, mathe amejifunga leso, tangawizi yake ndani ya chupa ya soda. Seli zangu zilikuwa sawa. Ilikuwa koo tu la kawaida. Nikarudishwa kwa dawa, na tangawizi nikainywa kwa heshima.

Mengine ninayofanya sahii ni madogo. Nameza saa moja asubuhi, kengele ya simu ikilia, mbele ya mathe, naye hafichi kwamba anaangalia. Naandika kwa daftari: uzito, mapigo ya moyo, usingizi, nywele. Nikienda kliniki nasoma daftari badala ya kusema "niko fiti". Sigusi sigara wala vepu, kwa sababu moshi wa sigara huharibu zaidi macho ya mtu wa Graves. Nilimwambia daktari wazi kuhusu mambo ya kupata mimba, kwa sababu kabimazoli inaweza kumdhuru mtoto akiwa tumboni miezi ya kwanza, na ni afadhali kupanga mapema kuliko kuacha dawa kwa hofu. Njaa naishughulikia kwa githeri na mboga, na kutembea kutoka stage. Niko kilo 63. Si 46. Sitawahi kutaka 46 tena, ingawa kuna siku uongo huo huja kuniamkia.

Na kama wako ni ule mwingine, thairoidi iliyolala, na unameza levothairoksini kama shangazi yangu: meza tumbo likiwa tupu, ngoja nusu saa mpaka saa moja kabla ya chai, na tembe za damu au za kalsiamu ziwe mbali nayo saa nne. Shangazi alimeza na chai ya maziwa miaka miwili akilalamika haifanyi kazi. Na wewe unayeuziwa hiyo dawa ati ya kukonda, wewe ambaye thairoidi yako ni nzima: ni kununua ule mwendo wangu wa Jogoo Road kwa pesa zako.

Sasa lile swali la chuo.

Niliacha masomo nikiwa na moyo wa kasi, bila usingizi, na hasira ambayo sasa najua haikuwa yote yangu. Je, ni mimi niliamua, ama ni homoni? Nimejaribu kusema ni ugonjwa. Ni rahisi, na watu wanakuhurumia. Lakini si kweli yote. Karo ilikuwa ishakuwa vita kabla sijaanza kutetemeka, na kozi sikuwa naipenda hata nikiwa kilo 58. Ugonjwa haukuandika hiyo barua. Uliituma tu kabla sijaisoma mara ya pili. Mtu mtulivu angeuliza kwanza kama anaweza kusimamisha masomo mwaka mmoja badala ya kuacha. Mimi niliwasha kamera.

Ile video bado iko. Kuna watoto wanaitazama na kuniandikia kwamba imewapa ujasiri wa kuacha shule. Sitaifuta, lakini nimeweka juu yake kwamba niliirekodi nikiwa mgonjwa na bila kujua, na kwamba kabla hujaamua jambo kubwa, lala kwanza. Lala usingizi wa kweli. Ukishindwa kulala mwezi mzima, hilo si wito, hilo ni dalili.

Na kuhusu kupoa: ndiyo, nimepoa. Naongea polepole. Nikitaka utani lazima niutafute, nauandika, naufuta, naandika tena. Wengine wenu mmeondoka na siwalaumu, mlikuja kwa mtu mwingine. Lakini juzi nilirekodi video ya dakika nne bila kukata hata mara moja, na mkono haukutetemeka. Niliitazama mara tatu, si kwa sababu ilikuwa kali. Nilikuwa naangalia mkono.

Aprili mwaka ujao nitakuwa nimemaliza miezi 18 ya awamu hii ya dawa. Tutajaribu kuacha, safari hii tukiwa wawili, mimi na daktari. Kwa karibu nusu ya watu ugonjwa hurudi. Ukirudi, kuna ayodini ya mionzi au upasuaji, na baada ya hapo mara nyingi unameza homoni maisha yako yote. Naogopa. Lakini sasa ninapoogopa huwa nasema kwa mtu.

Msichana wa kidato cha nne, nilikujibu kwa meseji fupi na ulisema umeelewa. Jibu refu ndilo hili. Hiyo kitu yangu ya shingo haiombwi. Umesema umekuwa ukijaribu kukonda tangu Januari na mtihani uko mbele yako. Kula. Lala. Na kama kuna mtu nyumbani anayekuuliza asubuhi kama uko sawa, usimjibu "niko" na soksi imejaa tembe.

Saa moja ndiyo hii, kengele imelia. Mathe amesimama mlangoni na glasi ya maji, anajifanya anatafuta mwiko.